Wamesema Ulikuwa Unachelewesha Mfumo

Shangazi Tusekile,

Shuleni tunafundishwa kwamba barua ya kirafiki huanza kwa kumuuliza mtu hali yake. Hali yako naijua. Nilikuwepo Kalenga siku ulipozikwa. Kwa hiyo salamu naziruka, unisamehe, kwa sababu nina hasira na simjui mtu mwingine atakayeelewa kila neno la hasira hii.

Wamesema ulikuwa unachelewesha mfumo.

Walisema hivyo kwenye arobaini yako, uwanjani kwako, chini ya turubai. Katibu wa hospitali ulikokuwa fundi wa kompyuta alisimama kutoa shukrani. Alianza vizuri: mchapakazi, mcheshi, hukuwahi kukosa kazini hata siku za baridi kali. Halafu akatabasamu, akasema, "Ila dada yetu alikuwa na hofu nyingi mno, jamani. Kila mahali alitia komeo. Sasa tumepata kijana, ameyatoa makorokoro yote, mfumo unaruka kama swala!" Watu wakacheka. Shangazi, walicheka huku wameshika sahani za wali wa msiba wako.

Mimi nilikuwa nimebeba chupa ya chai. Unanijua. Mbele ya watu zaidi ya watano sauti yangu inanikimbia. Nilimmiminia katibu chai, nikasema, "Karibu," nikarudi jikoni. Neno hilo moja ndilo nililokutetea nalo siku ile. Karibu!

Lakini nilijua kuna jambo limeharibika. Mtu mwingine akisikia kwamba mfumo umeongezeka kasi ghafla atafurahi. Mimi niliogopa, kwa sababu wewe ulinifundisha ile kasi ilikuwa imekwenda wapi.

Unakumbuka? Ilikuwa likizo ya Desemba, tuko jikoni kwako Iringa, mvua inapiga bati, nami nakusumbua kwa maswali. Ukaniambia habari za nyumba mliyopanga Mbalizi ulipokuwa msichana, vyumba sita na jiko moja la mkaa uani. Kulikuwa na jirani ambaye hakuwahi kuingia chumbani kwenu, lakini alijua kila siku mliyolala bila kula, na asubuhi mtaa mzima ulijua. Nikauliza alijuaje. Ukasema, "Alikuwa anabandika sufuria yake baada ya zamu yetu. Maji yakichemka upesi, jiko lina moto, tumepika. Yakichelewa, hatukupika. Hakufungua mlango wa mtu, mama kitabu. Alihesabu dakika tu."

Kisha ukasema prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, nayo ni jiko la pamoja la programu zote. Ili iende kasi, inakisia kazi inayofuata na kuianza kabla haijaagizwa. Ikikosea inaifuta kazi hiyo, lakini joto linabaki. Programu yenye nia mbaya inaweza kulipima joto hilo, kuhesabu kipi kimewahi na kipi kimechelewa, na polepole ikasoma siri ya programu jirani bila kugusa mlango wowote. Udhaifu huo uligunduliwa wakati prosesa hizo zimeshaenea dunia nzima, ndipo kinga zikatengenezwa. "Ni wizi mgumu," ulisema. "Wachache wanauweza. Lakini mimi sitalinda watu kwa kutegemea kwamba wezi ni wajinga."

Halafu ukanichorea kwenye karatasi ya kufungia sukari. Ile seva, kompyuta kubwa iliyo kwenye kabati la hospitali, ni mwenyeji. Ndani yake mna mashine pepe, yaani kompyuta zisizo na bati wala waya, zilizotengenezwa kwa programu tu. Hao ni wageni. Mwenyeji akiwekewa kinga, wageni hawawezi kuchunguliana. Lakini ndani ya mgeni mmoja mna programu nyingi, na kuzitenganisha ni kazi ya mgeni mwenyewe. Atazitenganishaje kama hajui kwamba prosesa ina kinga? Haoni prosesa ya kweli. Anaona picha yake, jinsi mwenyeji alivyomchorea. Kinga isipochorwa kwenye picha, kwake haipo, wala hataitumia. "Mgeni akilala kwako," ulisema, "unamwonyesha choo, unamwonyesha maji, unamwonyesha komeo la mlango. Asipolijua akalala mlango wazi, aibu ni ya mwenye nyumba."

Na mgeni uliyemhofia zaidi ni yule wa mafaili ya wagonjwa, kwa sababu wanafunzi wa chuo wanaokuja hospitalini kwa mazoezi wanaandika programu zao za ripoti ndani ya mashine hiyohiyo. Ukamwonyesha komeo. Kuanzia hapo daktari akibonyeza jina la mgonjwa, faili lilikuwa linavuta pumzi moja kabla ya kufunguka. Hiyo pumzi moja ndiyo waliyokuchekea kwenye arobaini yako.

Lakini mimi sikasiriki kwa ajili ya heshima yako tu. Mle ndani mna jina la Mama.

Wewe na mimi tunajua. Tangu Baba afariki, Mama anasafiri kutoka Mbalizi mpaka Iringa kuchukua dawa zake, anazipita kliniki zote za njiani, kwa sababu pale sokoni ana genge la mboga na kila mtu anamfahamu. Jina la dawa hizo siliandiki hata humu. Kuna watu wakijua unazimeza hawatanunua tena mchicha kwa mkono wako, nao watamhesabia Baba makosa hata kaburini. Ni wewe uliyemwambia, "Njoo kwetu, wifi. Jina lako nitalilinda mwenyewe." Akakuamini. Hospitali nzima yeye aliiamini kwa sababu yako.

Basi shule ilipofungwa mwezi wa sita, nikaomba kumsindikiza. Nikachukua lile kaunta buku lako la jalada jeusi, ambalo mume wako alinipa siku ya kugawa vitu vyako. Wengine walichukua vitenge. Mimi nilipewa daftari, na shangazi wengine wakanionea huruma. Nikamwambia Mama naenda kulionyesha kwa fundi mpya. Mama akakaa kwenye benchi la kliniki, mfuko wake magotini, nami nikaenda kwenye kile chumba chako cha mwisho wa korido.

Fundi mpya anaitwa Gervas. Si mtu mbaya, na hilo linaniudhi zaidi, kwa sababu mtu mbaya ningemchukia nikamaliza. Alinipa kiti, akanipa pole ya msiba. Kisha akaliona daftari, akacheka. "Ahaa, ndicho kile kitabu cha mapishi cha marehemu? Nimekisikia sana. Karibu, mdogo wangu, leo tunapika nini?"

Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye kikaratasi ili nisisahau. Sikukitoa mfukoni. Nikafungua tu ukurasa wako na kuonyesha mstari wa kumuuliza mgeni kama amelindwa. "Naomba uandike huu, Kaka. Kwenye mgeni wa wagonjwa."

Akaandika, kwa mzaha. Kioo cha kompyuta kikajaa mistari ya Kiingereza. Mitatu kati yake ilisema waziwazi kwamba mashine hiyo iko hatarini.

"Ah, hayo ni maneno ya kawaida," akasema. "Mwenyeji nimemsasisha mwezi uliopita. Ana kinga zote."

"Mwenyeji, ndiyo," nikasema. "Mgeni je?"

Akaisoma tena ile mistari mitatu. Nikaona anafikiri, na kwa haki niseme kwamba alifikiri kweli. Akanieleza alichofanya. Kabatini kuna seva mbili, ya zamani na mpya, naye alitaka wageni waweze kuhamishwa kwenda yoyote ile moja ikileta matatizo. Kwa hiyo aliwachorea wote prosesa ya kawaida kabisa ambayo kila mashine inaielewa, bila nyongeza zako. Akaona mambo yamekuwa mepesi, akafurahi, akapongezwa. Hakujiuliza nyongeza zilikuwa za nini. Shangazi, zilikuwa zimeandikwa! Kwa Kiswahili, kwa mwandiko unaosomeka! Daftari lilikaa juu ya kabati wiki tatu kabla mume wako hajalifuata. Wiki tatu halikufunguliwa, kwa sababu limeandikwa kwa kalamu, tena na mwanamke ambaye walishakubaliana kwamba ni mwoga.

Gervas akanakili mistari yako kwenye mpangilio wa mgeni. Akambonyeza mgeni ajizime na kujiwasha. Dakika tatu. Akauliza tena, na kioo kikajibu vilevile. Yuko hatarini.

"Unaona sasa?" akasema, akajinyoosha kwenye kiti. "Mapishi yamepitwa na wakati, mdogo wangu."

Na mimi, naona aibu kukuandikia hili, nilikaribia kumwamini. Nilisema moyoni, labda Shangazi alikosea. Kisha nikausoma ukurasa wako hadi chini kabisa, pale ulipoandika kwa kalamu nyekundu: "Kuwasha upya kutoka ndani hakutoshi. Mgeni aliyeamkia kitandani haoni ukuta mpya. Azimwe kabisa, atoke, aingie tena." Nikamsomea kwa sauti. Akakuna kichwa. Ni kweli, akasema, picha ya prosesa inachorwa wakati mgeni anaanzishwa na mwenyeji tu. Lakini kanuni yako mwenyewe inakataza kumzima kabisa kabla mafaili hayajanakiliwa, na hilo linachukua saa nzima na zaidi. Ilikuwa asubuhi, kliniki imejaa. Ikabidi amwite katibu.

Katibu akaja, amekunja uso. Akanishika bega, akanigeuza nitazame dirishani. "Binti, unaiona foleni ile? Wale wametoka mbali. Wewe ndiye utakayewaambia wakae saa nzima kwa sababu ya kivuli alichokiona marehemu?"

Niliiona foleni. Mama alikuwa wa tatu kutoka mlangoni. Ningeweza kusema, yule mwenye kitenge cha bluu ni mama yangu, ametoka mbali kuliko wote, na ni kwa ajili yake nataka mzime. Sikuweza. Ili kuilinda siri yake ingenibidi niitaje mimi mwenyewe, mbele ya mtu anayeongea kwenye misiba.

"Nani atachungulia?" akaendelea. "Wale vijana wa chuo? Hata kuandika ripoti hawajui. Nionyeshe aliyeibiwa, hata mmoja."

Simjui. Hilo ndilo linalonitia wazimu. Wizi huu hauachi kioo kilichovunjika wala nyayo. Anayedai kwamba hakuna aliyeibiwa na anayedai kwamba yupo, wote wanabahatisha, ila katibu anabahatisha na majina ya watu wengine. Nilikuwa na sentensi hiyo kichwani, imekamilika, na ikabaki huko. Kwa mara ya kwanza maishani nikaomba umeme ukatike. Ungekatika, kila kitu kingezimika chenyewe na kuamka upya mbele ya picha mpya. Lakini hata taa zingezimika, betri zile ulizozipigania mwaka mzima zingeibeba seva. Wewe nawe, Shangazi! Ulikuwa umeziba hata tundu hilo.

Ndipo akaingia Sista Skola, msimamizi wa kliniki, anauliza kwa nini mfumo ulimzimikia dakika tatu huku ana mgonjwa mbele yake. Akaniona, akanisalimu kwa Kihehe. "Kamwene, mwanangu. Si ndiye mtoto wa Tusekile?" Si mtoto wako, lakini nilisema ndiyo.

Akatutazama mmoja mmoja. "Haya, kuna nini?"

Katibu akamtazama Gervas, Gervas akatazama daftari. Nikasema, sijui sauti ilitoka wapi, ilitoka nyembamba kama ya mtoto mchanga: "Sista, majina ya wagonjwa wako yanalala mlango wazi. Kinga ipo, mgeni hajaonyeshwa."

Katibu akaanza, "Sista, haya ni mambo ya kitaalamu..." Sista hakumtazama. Akamgeukia Gervas. "Ni kweli au si kweli?"

Gervas angeweza kudanganya. Akasema, "Ni kweli, Sista."

"Basi zima."

"Na foleni?" akasema katibu.

"Foleni ni yangu. Nimeandika mafaili kwa kalamu kabla hamjaleta hayo makabati, na mkono bado ninao."

Wakanakili, wakazima. Nikaenda kukaa kwenye benchi karibu na Mama. Watu walikuwa wananung'unika. Mzee mmoja wa Kihehe, mwenye koti zito, alisema kompyuta ni kama ng'ombe wa kukopeshwa, siku unayomhitaji ndiyo anayougua. Mama akanigeukia, amechoka, akasema kwa ukali, "Hawa watoto wa kompyuta hawana adabu kabisa. Wanachezea muda wa watu wazima." Akangoja niunge mkono. Nikasema, "Kweli, Mama."

Nilirudi ofisini mara tu mashine ilipoamka. Gervas aliuandika mstari wako polepole, bila mzaha. Safari hii ile mistari mitatu ilisema kinga ipo na inafanya kazi. Akabonyeza jina la mgonjwa wa majaribio, na faili likavuta ile pumzi moja. Akafunua kurasa za daftari lako, akasema kwa sauti ya chini, "Huyu mama alikuwa anajua kazi." Akaomba kulipiga picha kurasa zote. Nikamkubalia. Lakini daftari lenyewe nimerudi nalo.

Ungedhani hapo hasira ingeisha. Katibu alibandika tangazo ukutani: mfumo unaweza kuchelewa kidogo kutokana na marekebisho, tunaomba radhi kwa usumbufu. Ameomba radhi kwa kuchelewa! Kwa wiki zote ambazo mlango ulikuwa wazi hakumwomba radhi mtu. Nilimfuata mlangoni, mimi, kwa miguu yangu, nikamuuliza kama wagonjwa wataambiwa. Akanipapasa kichwa. "Usiwatie watu hofu, binti. Hakuna kilichotokea." Amejuaje? Gervas hajui. Mimi sijui. Yeye ambaye hawezi kuusoma hata mstari mmoja wa kioo kile, yeye ndiye anayejua. Na kwako, wewe uliyechekwa mbele ya watoto wako, hakuna aliyesema hata "tulikosea".

Nilirudi Mbalizi nimepanga kukuandikia barua ya kukusifu. Nilitaka kuandika kwamba wewe usingefanya kama yeye. Kisha juzi, nikiwa nasoma daftari tangu mwanzo, nikafika ukurasa wa siku ulipomwonyesha mgeni komeo kwa mara ya kwanza. Umeandika kwamba tangu mashine ile isimikwe hakuwa amewahi kuonyeshwa. Halafu umeandika hivi: "Nimefunga leo. Sijamwambia mtu. Wifi asijue, ataacha kliniki."

Nimeusoma mstari huo mara nyingi. Nilitaka uwe umeandikwa na mtu mwingine.

Shangazi, nawe ulinyamaza. Uliufunga mlango vizuri kuliko wote, na hukusema kwamba ulikuwa wazi. Najua ulimpenda. Najua uliogopa akiacha dawa atakufa, na kwamba uliogopa kwa ajili yake, wakati katibu anaogopa kwa ajili ya kiti chake. Tofauti hiyo naiona. Lakini Mama alikaa benchini akiamini jambo lisilo la kweli, kwanza kwa sababu yako, na sasa kwa sababu yangu mimi niliyesema, "Kweli, Mama." Nakukasirikia. Nimelia kwa kukukasirikia, maana huwezi kunijibu ukaniita mama kitabu tukaishia kucheka.

Kwa hiyo nakuaga kwa namna ambayo hukuitaka. Naahidi mambo mawili. Shule zikifungwa tena nitakwenda kwa Sista Skola, na nitamwomba wagonjwa waelezwe, na kwamba siku ya kuelezwa jina lako litajwe wazi, kwamba ulichokifanya hakikuwa woga. Nitatetemeka, lakini nitasema.

Na la pili ni la leo. Mama ametoka sokoni, yuko uani anachambua maharage, anaimba. Huenda akikasirika hatarudi tena Iringa. Ikiwa hivyo nitamtafutia kliniki nyingine, nitamsindikiza kila mara, nitakaa naye kwenye kila benchi, lakini dawa hataacha. Hilo nakuapia. Ila uamuzi ni wake. Siri ile ilikuwa yake kabla hujawa mlinzi wake, na kabla sijawa mimi.

Ndaga fijo, Shangazi, kwa yote uliyonifundisha. Pumzika. Mimi naenda uani kumwambia.

Mtoto wa kaka yako,
Anyisile